Kufikisha Ujumbe na Kutunza Ruhusa katika Mitandao ya Kijamii Iliyogatuliwa

IKISIRI

Makala haya yanaeleza jinsi ujumbe unavyofikishwa na jinsi ruhusa zinavyotunzwa katika programu za mitandao ya kijamii isiyokuwa na mmiliki mmoja. Hoja kuu ni kwamba katika mitandao ya aina hii vitenzi ambavyo mtumiaji huvichukulia kuwa ni amri, yaani tuma, futa na zuia, hugeuka kuwa maombi mara tu vinapovuka mpaka wa seva moja. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa kuchunguza itifaki ya ActivityPub na kisa kilichoikumba programu ya Pixelfed mwaka 2025. Mwishoni inaelezwa namna Kiswahili, kwa njia ya mnyambuliko na njeo za vitenzi vyake, kinavyoweza kumbainishia mtumiaji tofauti iliyopo kati ya amri na ombi.

1.0 UTANGULIZI

Mitandao ya kijamii iliyozoeleka zaidi, kama vile Facebook, ina sifa moja isiyotambulika kwa urahisi: shughuli zake zote zimo chini ya mamlaka moja. Mtumiaji anapoandika ujumbe, kampuni huuhifadhi katika hifadhidata yake, na kila anayeruhusiwa kuusoma huonyeshwa ujumbe huo kutoka katika hifadhidata hiyohiyo. Mwandishi wake akiufuta, wasomaji wote huacha kuuona kwa wakati mmoja. Akimzuia mtu fulani, mtu huyo huzuiliwa kila mahali ndani ya mtandao huo. Katika mazingira kama hayo kufikisha ujumbe na kutunza ruhusa si mambo mawili, bali ni pande mbili za uamuzi mmoja unaofanywa na mwenye hifadhidata.

Hali ni tofauti kabisa katika mitandao iliyogatuliwa. Hii ni mitandao inayoundwa na seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti na kuwahudumia wenye akaunti hizo, ambapo kila seva ina mwenyewe, kanuni zake na hifadhidata yake. Mtu mwenye akaunti katika seva moja huweza kuandikiana na mwenye akaunti katika seva nyingine kwa sababu seva hizo zinafuata itifaki moja, yaani mapatano kuhusu namna ya kuzungumza. Miongoni mwa majaribio ya mwanzo ni Identi.ca, iliyoanzishwa na Evan Prodromou mwaka 2008. Mwaka 2010 zilifuata Diaspora, iliyobuniwa na wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha New York, na Friendica ya Mike Macgirvin. Mwaka 2016 Eugen Rochko wa Ujerumani alitoa Mastodon, programu iliyoupa mtindo huu umaarufu mkubwa kuliko zote zilizoitangulia. Hatimaye, tarehe 23 Januari 2018, W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti ulimwenguni, kilipitisha rasmi itifaki ya ActivityPub, ambayo Mastodon ilikuwa imekwisha kuanza kuitumia mwaka 2017.

Watetezi wa ugatuzi husisitiza faida zake, hususan kwamba hakuna kampuni moja inayoweza kuufunga mtandao mzima wala kuyauza mazungumzo yote. Faida hiyo ni ya kweli. Hata hivyo ina gharama yake, na gharama hiyo inahusu maana ya maneno ambayo mtumiaji huyasoma kwenye kioo cha simu yake. Neno 'futa' katika Facebook na neno 'futa' katika Mastodon ni neno moja kimsamiati, lakini hayafanyi kazi moja. Asiyeijua tofauti hiyo anaweza kuyakabidhi mambo yake ya siri kwa ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

2.0 UMBO LA MTANDAO ULIOGATULIWA

Msomaji wa Afrika Mashariki anao mfano wa karibu utakaomsaidia kulielewa umbo hili. Katika sehemu nyingi za eneo hili barua haziletwi mlangoni mwa mtu. Hupelekwa katika Sanduku la Posta. Aidha, sanduku lenyewe aghalabu si la mtu binafsi bali ni la shule, la hospitali, la kanisa au la kampuni. Mwanafunzi wa bweni huandikiwa kwa S.L.P. ya shule yake. Posta huifikisha barua katika sanduku hilo na kazi yake huishia hapo. Karani wa shule ndiye anayelifungua sanduku, anayezichambua barua na kumpa kila mwanafunzi iliyo yake. Karani akiwa mwaminifu na makini, barua humfikia mwenyewe ikiwa haijafunguliwa. Akiwa mzembe, huenda ikaachwa mezani ambapo kila apitaye ataisoma. Mwandishi wa barua, aliye mbali, hana uwezo wowote juu ya karani huyo.

Mtandao uliogatuliwa hufanana na mfumo huo kwa kiasi kikubwa. Seva ni shule yenye sanduku. Akaunti ni wanafunzi. Na programu inayoendesha seva ndiyo karani. Itifaki ya ActivityPub humpa kila mwenye akaunti kasha la kupokelea ujumbe na kasha la kutolea. Fauka ya hayo, inaruhusu seva kuwa na kasha moja la pamoja, ili kwamba ujumbe unaowahusu watu 300 wa seva moja utumwe mara moja tu badala ya mara 300. Mpango huo hupunguza mzigo wa kazi kwa kiasi kikubwa. Lakini unamaanisha pia kwamba mtumaji hapeleki nakala kwa kila mtu. Hupeleka nakala moja kwa karani na kumwachia kazi ya kuigawa.

3.0 KUFIKISHA UJUMBE

3.1 Saini na utambulisho

Tuchukulie kwamba Asha ana akaunti katika seva ya kwanza, na Juma, aliye katika seva ya pili, ni mfuasi wake. Asha anapoandika ujumbe, seva yake huupa ujumbe huo kitambulisho cha pekee, huorodhesha walengwa wake, kisha huupeleka katika kasha la seva ya pili. Swali la kwanza analojiuliza karani wa seva ya pili ni hili: je, ujumbe huu umetoka kwa Asha kweli? Jibu hupatikana kwa njia ya saini ya kidijitali. Kila akaunti huwa na funguo mbili zinazokwenda pamoja: ufunguo wa siri, unaobaki katika seva ya mwenyewe, na ufunguo wa hadharani, ambao yeyote anaweza kuuchukua. Saini iliyotiwa kwa ufunguo wa kwanza huthibitishwa kwa ufunguo wa pili.

Utaratibu huu unahitaji matunzo ya daima. Saini hubeba tarehe na saa, na ile iliyopitwa mno na wakati hukataliwa ili kumzuia mtu mwovu asiurudie ujumbe wa zamani. Kwa hiyo seva ambayo saa yake imepotoka sana huweza kujikuta inakataliwa kila mahali bila ya kuelewa sababu. Hali kadhalika, seva iliyopoteza hifadhidata yake na kuanzishwa upya kwa jina lilelile huwa na funguo mpya, ilhali seva nyingine bado zinakumbuka zile za zamani. Ujumbe wake hutiliwa shaka mpaka kumbukumbu hizo zitakapohuishwa. Umuhimu wa hatua hii ulidhihirika mwezi Februari 2024, Mastodon iliposahihisha kasoro ya usalama katika uhakiki wa chimbuko la taarifa, ambayo iliwezesha mtu kujifanya mwenye akaunti ya seva nyingine.

3.2 Foleni na majaribio ya kurudia

Seva haipeleki ujumbe papo hapo mtumiaji anapobonyeza kitufe. Huuweka kwanza katika foleni, na watendaji wa ndani ya programu huuchukua kwa zamu. Mwezi Novemba 2022, baada ya Elon Musk kuinunua Twitter mwishoni mwa Oktoba, watu wengi walihamia Mastodon kwa ghafla. Katika baadhi ya seva foleni zilirefuka na ujumbe ukachelewa. Ujumbe haukuwa umepotea. Ulikuwa ukisubiri zamu yake.

Seva ya pili inapoupokea ujumbe hujibu kwa tarakimu za itifaki ya wavuti. Jibu la 200 lina maana kwamba ombi limefaulu. Jibu la 202, ambalo hutumika sana katika mitandao hii, lina maana kwamba ombi limekubaliwa lakini utekelezaji wake haujakamilika. Jibu la 401 huashiria kuwa utambulisho haukuthibitika. La 404 kuwa kinachotafutwa hakikuonekana. La 410 kuwa kilikuwapo lakini kimeondolewa. Na yale yanayoanzia 500 kuwa seva yenyewe ina hitilafu. Programu iliyotungwa vizuri huyatofautisha majibu hayo. Penye hitilafu ya muda hujaribu tena, huku ikirefusha kipindi cha kungojea baada ya kila jaribio; penye jibu la 410 haina sababu ya kuendelea kubisha hodi.

Desturi ya kujaribu tena si ngeni. Itifaki ya barua pepe, ambayo Jonathan Postel aliichapisha mwaka 1982, ilijengwa juu ya wazo hilohilo, na toleo lake la mwaka 2008 linashauri kwamba mtumaji asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Katika Mastodon, seva ambayo imeshindikana kufikiwa katika siku 7 tofauti huhesabiwa kuwa haipatikani, na ujumbe huacha kupelekwa huko mpaka itakapoonekana tena. Ujumbe uliotumwa katika kipindi hicho cha ukimya aghalabu hauji kumfikia mlengwa, wala mtumaji haarifiwi.

Kurudia huzaa matatizo mawili. La kwanza ni marudufu: jibu likipotea njiani, mtumaji hurudia ujumbe ambao ulikwisha kupokelewa. Hapo kitambulisho cha pekee humsaidia karani kutambua kwamba nakala ya pili ni ileile ya kwanza. La pili ni mvurugiko wa mpangilio. Asha huweza kuandika ujumbe, akajuta, akaufuta. Ujumbe wenyewe ukakwama katika foleni, na taarifa ya kuufuta ikatangulia kufika. Karani asiyekuwa na busara ataipuuza taarifa hiyo, kwa kuwa hana ujumbe wa kufuta, kisha dakika chache baadaye ataupokea ujumbe na kuutangaza. Kwa sababu hiyo programu makini huweka kumbukumbu ya taarifa ya kufuta iliyowahi, ili ujumbe utakapofika ukutane na hukumu yake mlangoni.

3.3 Maana ya 'kufika'

Kutokana na maelezo hayo ni bayana kwamba katika mitandao hii 'kufika' si tukio moja. Zipo hatua zisizopungua nne: ujumbe kuingia katika foleni ya mtumaji, kukubaliwa na seva ya mpokeaji, kuwekwa katika kasha la mpokeaji, na kusomwa naye. Seva ya Asha huwa na hakika juu ya hatua ya kwanza, hupata ushahidi wa hatua ya pili, na hubaki kuitumainia ya tatu na ya nne.

4.0 KUTUNZA RUHUSA

4.1 Ufuasi kama mkataba wa pande mbili

Ruhusa ya msingi katika mitandao hii ni ufuasi. Juma hupeleka ombi la kumfuata Asha. Asha, ikiwa amechagua kuwapima wafuasi wake, hulikubali au hulikataa. Na jibu lake hurejeshwa kwa seva ya Juma. Hapo kila seva huandika katika daftari lake: la kwanza, 'Juma ni mfuasi wa Asha', la pili, 'Asha amemkubali Juma'. Ruhusa sasa inaishi mahali pawili, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwani madaftari mawili yanaweza kutofautiana. Asha huenda akamwondoa Juma siku ambayo seva ya pili imezimika, na taarifa isifike. Seva ya pili huendelea kuamini kwamba Juma ni mfuasi halali.

Tofauti hii ina madhara makubwa kuliko inavyodhaniwa. Ikiwa Rehema, aliye katika seva ileile ya pili, bado ni mfuasi wa Asha, basi ujumbe wa Asha uliokusudiwa wafuasi pekee utaendelea kupelekwa katika seva hiyo kwa ajili ya Rehema. Ukishafika katika kasha la pamoja, karani hutazama daftari lake, humkuta Juma humo, na kumpa naye. Kwa ajili ya kuondoa kasoro ya namna hii, tangu toleo la 3.3 la mwaka 2020 Mastodon ina utaratibu wa kulinganisha madaftari. Seva ya Asha huambatisha kwenye ujumbe muhtasari wa kihisabati wa orodha ya wafuasi wake walio katika seva ya pili. Seva ya pili hukokotoa muhtasari wa orodha yake. Miwili hiyo ikitofautiana, huomba orodha kamili na kuwaondoa wasiostahili. Utaratibu huo ni mzuri, ila hufanya kazi pale tu ambapo seva zote mbili zimeukubali.

4.2 Hadhira, kuzuia na kufuta

ActivityPub humwezesha mtumaji kutaja hadhira ya ujumbe: umma mzima, wafuasi wake, au watu mahususi. Kutaja hadhira, hata hivyo, si kufunga mlango. Ni kuandika juu ya bahasha maneno 'kwa fulani pekee'. Seva inayopokea ndiyo inayoyasoma maneno hayo na kuyatii.

Kitendo cha kuzuia nacho kina utata wake. ActivityPub inashauri kwamba taarifa ya kuzuia isipelekwe kwa aliyezuiwa, na ushauri huo una hekima: anayemkimbia mtu mkorofi hapendi kumtumia barua ya kumjulisha kwamba anamkimbia. Lakini Mastodon huituma taarifa hiyo kwa seva ya aliyezuiwa, na sababu yake nayo ina uzito: seva hiyo isipojulishwa itaendelea kumwonyesha ujumbe wa aliyemzuia. Hapa itifaki na programu zimechagua njia mbili tofauti, na hakuna iliyo salama kabisa. Anayezuia hulazimika ama kunyamaza na kubaki akionekana, ama kusema na kumtegemea karani wa upande wa pili aifiche habari hiyo.

Kuhusu kufuta, seva ya Asha huondoa nakala yake na kuzipelekea seva nyingine taarifa kwamba ujumbe fulani umefutwa. Zile zilizo hai na zinazofuata itifaki huondoa nakala zao. Ile iliyozimika haitaipata taarifa. Ile iliyokaidi haitaitekeleza. Na ile iliyotengeneza nakala ya akiba ya hifadhidata jana yake itabaki nayo hata kama imetii leo. Wahenga walikwisha kusema: maji yakimwagika hayazoleki.

5.0 KISA CHA PIXELFED CHA MWAKA 2025

Pixelfed ni programu ya kushirikiana picha inayotumia ActivityPub. Mwezi Machi 2025 ilitangazwa kwamba matoleo yake yaliyotangulia lile la 0.12.5 yalikuwa na kasoro katika ushughulikiaji wa ufuasi. Mtumiaji wa seva ya Pixelfed alipoomba kumfuata mtu wa seva nyingine ambaye huwapima wafuasi wake, programu haikungoja jibu. Ilimwandika papo hapo katika daftari lake kuwa ni mfuasi, kana kwamba amekwisha kukubaliwa.

Kasoro hiyo peke yake isingetosha kuvujisha siri, kwa kuwa seva ya mwandishi haikumtambua mfuasi huyo wala haikuwa na sababu ya kumpelekea chochote. Lakini palipokuwapo mfuasi mmoja halali katika seva hiyohiyo ya Pixelfed, ujumbe wa faragha ulipelekwa huko kwa ajili yake, na karani aliyekuwa na daftari lenye makosa akamwonyesha pia yule ambaye hakukubaliwa. Waathirika hawakuwa watumiaji wa Pixelfed. Walikuwa watu wa seva nyingine, zenye programu nyingine zisizokuwa na kosa lolote, ambao walikuwa wamechagua kwa makini nani awasome. Hawakuwa na njia ya kujua kilichotendeka, wala hawakuwa na uwezo wa kukisahihisha, maadamu kosa lilikuwa katika daftari la mwingine.

Kisa hiki kinafundisha mambo matatu. Kwanza, ruhusa katika mtandao uliogatuliwa ina nguvu sawa na ile ya seva dhaifu kuliko zote zinazoupokea ujumbe. Pili, kusahihisha programu si kusahihisha mtandao: toleo jipya likishatolewa, kila mwendeshaji wa seva hana budi kuliweka mwenyewe, na wengi wao ni watu wanaofanya kazi hiyo kwa kujitolea. Tatu, mtumaji anapomkubali mfuasi mmoja, huwa amemkubali pia karani wa mfuasi huyo. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na katika mitandao hii kata ni seva.

Ipo njia ya kumpunguzia karani madaraka, nayo ni kuufumba ujumbe kwa namna ambayo vifaa vya walengwa peke yake ndivyo vinavyoweza kuufumbua. Mwezi Julai 2023 kilichapishwa kiwango cha kimataifa kiitwacho MLS kinachoeleza namna ya kufanya hivyo katika makundi. Kwa njia hiyo, kosa la daftari humpa asiyestahili bahasha asiyoweza kuifungua. Hata hivyo ufumbaji haumzuii mlengwa halali kuunakili ujumbe na kuusambaza, na haufai kwa ujumbe unaokusudiwa umma.

6.0 AMRI, OMBI NA LUGHA YA KIOLESURA

Hadi hapa suala limeelezwa kwa upande wa ufundi. Lakini lina upande wa lugha pia. J. L. Austin, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kuna semi ambazo haziarifu tu bali hutenda, na kwamba utendaji huo hutegemea masharti. Amri, mathalani, hufaulu pale tu msemaji anapokuwa na mamlaka juu ya anayeambiwa. Maneno yaleyale yakisemwa na asiye na mamlaka huwa ni ombi, hata kama yana umbo la amri. Mzazi akimwambia mwanawe 'funga mlango' anaamuru. Akimwambia jirani maneno hayohayo, anaomba, na jirani anaweza kukataa.

Hivi ndivyo ilivyo kwa vitufe vya programu. Katika mtandao wenye mmiliki mmoja, kitufe 'Futa' hupeleka amri kwa mfumo wenye uwezo wa kuitekeleza kikamilifu. Katika mtandao uliogatuliwa, kitufe kilekile hupeleka amri kwa seva moja na maombi kwa nyingine zote. Umbo la kisarufi halibadiliki, bali masharti ya utendaji ndiyo yanayobadilika. Kiolesura kikinyamaza kuhusu mabadiliko hayo, humfanya mtumiaji aamini kuwa ana mamlaka asiyokuwa nayo.

Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kuliepuka kosa hili. Suala la kukifanya kiwe lugha ya kompyuta si jipya: mwaka 2004 lilitolewa toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice.org, lililopewa jina la Jambo, kutokana na mradi ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika kazi za aina hiyo mjadala aghalabu huwa juu ya nomino: seva iitweje, kioo kiitweje. Katika mitandao iliyogatuliwa uzito umo katika vitenzi.

Tuchukue kwanza jozi ya tuma na fikisha. 'Ujumbe umetumwa' husema tu kwamba ujumbe umeondoka kwa mtumaji. 'Ujumbe umefikishwa', kwa sababu ya kiambishi cha usababishi, hudai kwamba kuna aliyeuwezesha kufika na kwamba umefika. Baina ya hizo mbili ipo 'umepokelewa na seva ya Juma', kauli ndefu kidogo lakini ya kweli, kwa kuwa hudai hatua ya pili tu, ambayo seva ya mtumaji ina ushahidi wake.

Kitenzi cha pili ni futa. Njeo ya -me- huonyesha tendo lililotimia na hali inayoendelea baada yake. Kauli 'Ujumbe umefutwa', bila ya nyongeza, humpa msomaji haki ya kuamini kwamba ujumbe haupo tena popote. Marekebisho yanayohitajika ni madogo: 'Umefutwa hapa, seva nyingine zimeombwa kuufuta.' Kiashiria hapa kinaiwekea kauli mpaka, na zimeombwa humwonyesha mtumiaji kwamba sehemu ya pili ya tendo imo mikononi mwa wengine.

Kitenzi cha tatu ni zuia. Maana yake ya kawaida ni kumwekea mwingine kizuizi asiweze kutenda. Lakini anachoweza kukifanya mtumiaji kwa hakika ni kuacha kumpelekea mtu habari na kuacha kupokea za kwake. Kauli 'kata mawasiliano na' humtaja mtendaji na mipaka ya tendo lake, ilhali 'zuia' huahidi jambo juu ya mtu wa seva nyingine, ambaye bado anaweza kuusoma ujumbe wa umma kwa kupita mlango mwingine. Vivyo hivyo, chaguo 'Wafuasi pekee' lingekuwa kamili zaidi likisomeka 'Wafuasi, kupitia seva zao'.

Huenda ikapingwa kwamba kauli hizi ni ndefu na kwamba mtumiaji hapendi kusoma. Pingamizi hilo lina ukweli kwa vitufe, ambavyo nafasi yake ni finyu. Hivyo 'Futa' inaweza kubaki kwenye kitufe. Lakini taarifa inayofuata baada ya kubonyeza ina nafasi ya kutosha sentensi moja ya kweli. Mwalimu anayewaandikia wenzake wachache malalamiko kuhusu kazi, au mwanamke anayewajulisha ndugu zake mahali alipohamia baada ya kumkimbia mume mkatili, anastahili kuijua mipaka ya faragha yake kabla hajaandika.

7.0 HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba katika mitandao ya kijamii iliyogatuliwa kufikisha ujumbe ni mfululizo wa hatua zinazohitaji saini, foleni na majaribio ya kurudia, na kwamba kutunza ruhusa ni kazi ya kuyalinganisha madaftari yaliyo mikononi mwa watu tofauti. Kisa cha Pixelfed kimedhihirisha kuwa mambo hayo mawili hayatenganishiki: ujumbe uliofikishwa sawasawa katika seva yenye daftari lenye makosa ni ujumbe uliovuja. Ugatuzi hugawa madaraka, na pamoja na madaraka hugawa wajibu wa kutunza siri za watu ambao karani hatawaona kamwe.

Watungaji wa programu wana kazi ya kuyaimarisha madaftari hayo, na waendeshaji wa seva wana kazi ya kuweka masahihisho mapema. Wafasiri na wanaistilahi wa Kiswahili nao wana kazi yao, ambayo haiwezi kufanywa na mhandisi: kuhakikisha kwamba palipo na ombi, lugha haisemi amri.